Kabla ya Uraia Tayari Una Mbunge: Mwongozo kwa Wazungumzaji wa Kiswahili Australia

Mtu anayetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma na kupokewa Australia hufundishwa mambo mengi katika miezi ya mwanzo: kufungua akaunti ya benki, kujiandikisha Medicare, kupanda treni, kumpeleka mtoto kwenye chanjo. Bunge huachwa hadi siku za kujiandaa kwa mtihani wa uraia, na hata hapo linakuja kama somo la kukariri. Shirikisho lilianza Januari 1, 1901. Bunge lina mabaraza mawili. Maswali ni 20, nawe ukipata asilimia 75, bila kukosa hata moja kati ya yale matano ya maadili ya nchi, umefaulu. Unaapa, unapewa cheti, unapiga picha na meya. Mlango wa ofisi ya mbunge wako uko mtaa gani, bado hujui.

Nitaanzia mlangoni hapo, kwa sababu wengi wetu tunaamini haujafunguliwa kwa ajili yetu mpaka tuwe raia. Imani hiyo ni potofu na imewagharimu watu. Katiba ya Australia inagawa viti vya Baraza la Wawakilishi kati ya majimbo kwa kufuata idadi ya watu, wala si idadi ya wapigakura pekee. Mwenye viza ya ukaazi wa kudumu, mwenye viza ya kibinadamu, mtoto aliyezaliwa wiki iliyopita katika hospitali ya Wodonga, wote wamo katika hesabu inayoamua Victoria ipate viti vingapi Canberra. Kura ya Shirikisho, kwa kawaida, ndiyo ya raia peke yake. Uwakilishi ni wa kila anayeishi katika eneo bunge hilo, na ofisi inayojua kazi yake haitakuuliza kama una pasipoti ya Australia kabla ya kukusikiliza. Itakuuliza unaishi wapi.

Ugumu mwingine unatokana na sura ya mbunge tuliyokuja nayo. Aliyekulia Tanzania anajua kwamba shida huanzia kwa balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa, ikapanda kwa mtendaji wa kata, na mbunge huonekana zaidi wakati wa kampeni au msiba mkubwa. Aliyekulia Kenya anamjua kama mwenye kauli juu ya basari za karo zinazotoka kwenye mfuko wa maeneo bunge. Aliyekulia Kivu anamjua shefu wa kartie, na anajua pia ofisi ambazo haziendewi mikono mitupu. Australia mbunge hatoi karo, hachangii jeneza, na hana mfuko wa kumgawia mtu fedha mkononi. Usimpelekee zawadi, utamweka pabaya nawe utajiweka pabaya. Na usishangae wasaidizi wake wakimwita kwa jina lake la kwanza. Ukitaka kumwita Bwana au Bi Fulani, hakuna atakayeona ajabu.

Anachoweza kukupa ni kitu ambacho kwetu ni adimu: barua yenye nembo ya Bunge inayouliza idara ya serikali swali kwa niaba yako, na ambayo idara haiwezi kuitupa kapuni.

Una wawakilishi wangapi?

Tuchukue mkaazi wa Victoria, kwa kuwa Wakongo na Warundi wengi wako huko, Melbourne, Mildura na Wodonga. Canberra ana mbunge mmoja katika Baraza la Wawakilishi lenye viti 150. Ana pia maseneta 12, maana kila jimbo, liwe kubwa au dogo, hupeleka 12, na maeneo mawili ya Shirikisho hupeleka wawili wawili, jumla 76. Katika bunge la jimbo, pale Spring Street, ana mbunge mmoja kati ya 88 wa baraza la chini, na wengine watano wa baraza la juu wanaowakilisha kanda yake. Hao ni watu 19, kabla hujamhesabu diwani wako katika halmashauri. Akihamia Queensland hesabu inapungua, kwa sababu bunge la huko lilifuta baraza lake la juu mwaka 1922.

Wingi huu unachanganya, lakini una faida: mmoja asipokujibu, yupo mwingine. Wa chama tawala na wa upinzani wote wana haki ya kuiandikia idara, na wakati mwingine wa upinzani ana hamu zaidi ya kuuliza.

La muhimu ni kujua jambo lako ni la ngazi ipi. Viza, uraia, Centrelink, Medicare, kodi ya mapato na huduma za watu wenye ulemavu zilizo chini ya NDIS ni mambo ya Shirikisho. Shule, hospitali, polisi, mabasi na treni, leseni ya udereva na nyumba za serikali ni mambo ya jimbo. Taka, maktaba, viwanja vya watoto, barabara za mtaani na vibali vya ujenzi ni vya halmashauri. Ukimpelekea mbunge wa Shirikisho kilio cha basi linalopita mara moja kwa saa, atakusikiliza kwa adabu na kukuelekeza kwingine, nawe utarudi nyumbani ukidhani umepuuzwa. Hapo ndipo watu wetu wengi wanapokata tamaa, kwa kugonga mlango usio wao.

Kuyapata majina ni kazi ya dakika chache. Ingiza postikodi yako katika tovuti ya Tume ya Uchaguzi ya Australia, utaona eneo bunge lako la Shirikisho. Tume ya uchaguzi ya jimbo lako itakuonyesha la jimbo, na halmashauri itakutajia diwani. Kama mtandao unakusumbua, nenda maktaba ya mtaa. Wahudumu wake wamezoea swali hilo.

Siku ya kwenda ofisini

Ofisi ya mbunge mara nyingi iko kati ya maduka, ina jina lake na picha yake dirishani. Hakuna askari wa kukuuliza umetumwa na nani. Unaweza kuingia tu, lakini ni heri upige simu kwanza uombe miadi na mkalimani. Mkalimani huyo hulipi wewe. Serikali ya Shirikisho ina mpango wa ukalimani wa bure unaowahusu wabunge wanapowahudumia wakaazi wao, na halmashauri pia, kupitia huduma ya taifa ya ukalimani, TIS, namba 131 450, inayofanya kazi usiku na mchana. Ukishindwa hata kuanza maneno ya simu, piga namba hiyo, taja neno Swahili, kisha mwombe mkalimani akuunganishe na ofisi unayoitaka.

Nakusihi jambo hili: usimfanye mtoto wako mkalimani. Binti wa miaka 12 hapaswi kusikia habari za deni la nyumba wala sababu iliyomfanya baba yake akimbie Uvira. Kama unaogopa kwamba mkalimani atakuwa mtu wa kanisa lenu na kesho habari zitakuwa zimeenea, omba mkalimani wa simu aliye mji mwingine. Wakalimani wanabanwa na kanuni za kutunza siri. Waambie pia Kiswahili chako ni cha wapi. Mtu wa Bukavu na mtu wa Tanga wanaelewana sokoni, lakini katika habari ya viza neno moja likipotea linaweza kupotosha kisa chote. Na kama Kirundi au Kinyarwanda ndiyo lugha unayoweza kueleza machungu kwayo, omba hiyo.

Ukifika utaonana na msaidizi, huenda mbunge mwenyewe yuko Canberra kikaoni. Usichukie. Msaidizi huyo ndiye anayeandika barua, ndiye anayejua nani wa kumpigia katika idara, na ndiye atakayekukumbuka ukipiga tena. Atakuomba utie saini fomu ya ridhaa. Isome au uisomewe, kisha uisaini, kwa sababu bila hiyo idara haitamwambia lolote juu ya faili lako. Kumwendea mbunge si kosa mbele ya sheria yoyote, wala si mashtaka dhidi ya idara. Ni njia ya kawaida, na Waaustralia waliozaliwa hapa wanaitumia kila siku.

Nenda na karatasi. Sisi ni watu wa masimulizi, tunaanza na babu na vita vya Kongo vya mwaka 1996 ndipo tufike kwenye jambo lenyewe, na kwa mkalimani wa nusu saa muda unakwisha kabla hatujafika. Weka jambo mbele na historia nyuma. Mfano wa maneno ya kutosha ni huu: “Naitwa Fulani, naishi mtaa huu. Mke wangu na watoto watatu wako Uganda. Ombi lao la viza lilipelekwa mwezi huu wa mwaka huu, namba ya faili ni hii. Nimeiandikia idara mara mbili, nakala hizi hapa. Mtoto wa pili ni mgonjwa, barua ya daktari hii hapa. Naomba ofisi iulize ombi limefika wapi, na iieleze idara habari za ugonjwa huu.” Jina, anwani, tarehe, namba, ushahidi, na ombi moja. Ukiwa na shida tatu, anza na ile inayouma zaidi.

Kuhusu viza za familia, ambazo ndizo zinazowapeleka wengi wetu katika ofisi hizi, yafaa kusema wazi. Mbunge hawezi kuidhinisha viza. Hawezi kukupandisha mbele ya foleni kwa kuwa amekupenda. Anaweza kuuliza, kuhakikisha nyaraka zimepokewa, na kuiweka mbele ya idara hali mpya ambayo haikuwamo kwenye faili. Mara nyingi jibu litakuwa kwamba ombi bado linashughulikiwa. Hata jibu hilo lina thamani, maana sasa unajua faili halijapotea, na una barua ya kuthibitisha tarehe. Uliza tena baada ya miezi, hali ikibadilika au muda ukizidi ule uliotajwa.

Na akitokea mtu katika jumuiya anayesema anamjua mbunge na kwa dola mia chache atakufikishia barua, mkimbie. Huduma ya ofisi ya mbunge ni bure kutoka mwanzo hadi mwisho. Mshauri wa viza anayelipwa lazima awe wakala aliyesajiliwa au mwanasheria. Asiyekuwa hivyo anavunja sheria, hata kama ni shemeji.

Jambo likiwa la wengi

Kuna mambo ambayo barua ya mtu mmoja haiyatoshi. Basi halifiki mtaa wanakoishi wakimbizi 40 waliofika karibuni. Darasa la Kiingereza limehamishwa hadi mji wa mbali. Hapo andikeni ombi la umma. Baraza la Wawakilishi linapokea maombi ya namna hii kwa karatasi, na tangu mwaka 2016 kwa mtandao pia, na sharti la saini ni jepesi kuliko watu wanavyodhani: saini moja, ya mwombaji mkuu, inatosha ombi kupokewa. Maneno yasizidi 250, jambo liwe la mamlaka ya Shirikisho, na anayesaini awe raia au mkaazi wa Australia. Soma tena neno hilo, mkaazi. Waziri anayehusika hutarajiwa kujibu ndani ya siku 90. Saini nyingi haziongezi nguvu yoyote ya kisheria, lakini humfanya mbunge wa eneo lenu ahesabu kura. Mabunge ya majimbo yana kanuni zake, kwa hiyo jambo la basi au shule lipelekeni huko, na mmuulize karani wa bunge kabla ya kukusanya saini, kwani ombi lililoandikwa kinyume cha utaratibu hurudishwa.

Njia isiyojulikana sana, na ninayoiona kuwa bora, ni kamati za bunge. Kamati inapochunguza jambo, kwa mfano Kamati ya Pamoja ya Uhamiaji huko Canberra, hutangaza muda wa kupokea maelezo ya maandishi kutoka kwa yeyote. Si lazima uwe msomi. Kurasa mbili za mama aliyesubiri miaka kuunganishwa na wanawe zinaweza kuingia katika kumbukumbu za bunge na kunukuliwa kwenye ripoti. Unaweza kuomba jina lako lisitangazwe. Ukiitwa kutoa ushahidi unalindwa, na mtu anayemwadhibu shahidi kwa aliyoyasema mbele ya kamati anaweza kuhesabiwa kuwa amelidharau Bunge lenyewe. Kwa watu waliotoka mahali ambapo kusema mbele ya serikali kuliwapeleka jela, kinga hii ni kubwa, na viongozi wa jumuiya zetu wangeizungumza makanisani na misikitini.

Halmashauri nazo msizidharau. Nyingi zina muda wa maswali ya umma katika vikao vyao, ila swali hutakiwa kupelekwa mapema kwa maandishi. Diwani anaishi karibu nawe, na kura chache zinaweza kumwingiza au kumtoa. Australia Kusini, mkaazi asiye raia anaweza hata kuomba kuingizwa katika daftari la wapigakura wa halmashauri.

Hapa niseme jambo kwa wenyeviti wa vyama vyetu. Kila mwaka tunawaalika wabunge kwenye sherehe. Wanakuja, wanavalishwa kitenge, wanacheza kidogo, wanakula sambusa, wanapiga picha, wanaondoka. Ukarimu huo ni wetu na ni mzuri. Lakini mkutano wa dakika 20 kabla ya ngoma, wenye mama mmoja, kijana mmoja na swali moja lililoandikwa, utazaa zaidi ya picha mia. Mwenyekiti pia asiwe mlango pekee. Jumuiya ambayo mbunge anamjua mtu mmoja tu ndani yake inakuwa kimya siku mtu huyo akigombana na wenzake, na magomvi ya vyama vyetu tunayajua.

Ukishakuwa raia

Kupiga kura ni lazima. Katika uchaguzi wa Shirikisho imekuwa hivyo tangu mwaka 1924, na asiyepiga bila sababu ya maana hutozwa faini ya dola 20. Majimbo yana viwango vyake. Uchaguzi hufanyika Jumamosi, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, na mwenye kazi anaweza kuomba kupiga mapema au kwa posta.

Hatari kubwa ni kura kuharibika. Kwenye karatasi ya kijani ya Baraza la Wawakilishi huweki alama ya vema wala msalaba. Unaandika 1 kwa unayempenda zaidi, 2 kwa anayefuata, mpaka kila kisanduku kiwe na namba. Kwenye karatasi nyeupe ya Seneti, andika namba kuanzia 1 hadi 6 au zaidi juu ya mstari, ama 1 hadi 12 au zaidi chini yake. Mwaka 2022 kura za Baraza la Wawakilishi zilizoharibika nchini kote zilikuwa kama 5 katika kila 100. Katika eneo la Fowler, magharibi mwa Sydney, ambako nyumba nyingi huzungumza lugha nyingine, zilipita 10. Kwa sehemu ni kwa sababu uchaguzi wa jimbo la New South Wales unakubali namba 1 peke yake, na watu huchukua desturi hiyo kwenda nayo kwenye ule wa Shirikisho. Hao walitoka nyumbani, wakapanga foleni, na sauti yao haikuhesabiwa.

Ukikosea kuandika, rudisha karatasi uombe nyingine. Ukihitaji msaada, unaweza kuingia na mtu unayemwamini au kumwomba mfanyakazi wa kituo, mradi asiwe mgombea. Wale wanaogawa vikaratasi nje ni watu wa vyama. Vikaratasi vyao ni mapendekezo, si amri, na hawaruhusiwi kusogea ndani ya mita 6 za mlango wa kituo.

Na kama unafikiria kugombea mwenyewe, kumbuka jina la Lucy Gichuhi. Alizaliwa Kenya, akahamia Australia mwaka 1999, na mwaka 2017 akaingia Seneti kwa niaba ya Australia Kusini, Mwafrika mweusi wa kwanza katika Bunge la Shirikisho. Siku zake za kwanza zilijaa maswali kuhusu uraia wake wa Kenya, kwa sababu kifungu cha 44 cha Katiba kinamzuia mwenye uraia wa nchi nyingine kukaa katika Bunge hilo. Wabunge na maseneta kadhaa, wengi wao wa asili ya Ulaya, walipoteza viti kwa kifungu hicho mwaka 2017 na 2018. Kenya inaruhusu uraia pacha tangu Katiba yake ya 2010. Tanzania hairuhusu kwa watu wazima. Kwa hiyo anayetaka kiti Canberra achunguze sheria za alikotoka mapema, pamoja na mwanasheria, kabla hajachukua fomu.

Hayo ni ya baadaye. Wiki hii tafuta majina matatu, la mbunge wa Shirikisho, la mbunge wa jimbo na la diwani, yaandike pamoja na namba zao za simu ukutani jikoni, halafu piga moja kwa jambo ulilolibeba muda mrefu kuliko yote. Ukishajibiwa, mfundishe jirani yako aliyefika juzi.